Faili Moja la Watu Wawili

Hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi Malindi ilinunua kompyuta yake ya kwanza miaka ya themanini ikielekea ukingoni, muda si mrefu baada ya mimi kupewa talaka. Mambo haya mawili nayataja pamoja kwa sababu kichwani mwangu hayajawahi kutengana. Mume wangu alikwenda Arabuni kutafuta kazi. Mwanzo aliandika barua, kisha akawa anatuma salamu kwa watu, kisha hata salamu zikakatika. Talaka ililetwa na kaka yake mkubwa, mchana, mimi niko uani napara samaki. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Shemeji," alisema, "nimetumwa neno, na mimi sina uwezo wa kulikataa."

Nilinawa mikono kwanza, ndipo nikamsikiliza.

Sikuwa na mtoto. Mama alikuwa ameshafariki, na nyumba yetu ya Takaungu ilikuwa mikononi mwa kaka yangu, ambaye hakupenda kabisa kuona dadake anafanya kazi hotelini. Hakunifukuza. Nikienda tuliamkiana vizuri, nikaletewa chai na mahamri, na hakuna aliyeniuliza nitarudi lini. Basi nikapanga chumba mtaa wa Shela, pale pale Malindi, kwa bibi mmoja ambaye masikio yake yalikuwa yameshachoka. Jioni nikimwambia neno alitabasamu tu, akaniitikia jambo jingine.

Kazi yangu ilikuwa ya ukarani katika ofisi ya nyuma: kupokea maombi ya vyumba, kuyajibu kwa taipureta, kupanga nani alale wapi. Msimu wa wageni ulikuwa na pilikapilika, mtu hapati nafasi ya kujifikiria. Lakini masika ikiingia, wageni huondoka, vyumba vingi hufungwa, viti vya ufukweni hurundikwa ghalani, na wafanyakazi karibu wote hupewa likizo. Mwaka ule tuliobakishwa tulikuwa wachache sana. Alikuwapo meneja, mtu wa bara aliyezoea kufunga mlango wake, askari wa lango, mpishi mmoja, mimi, na mhasibu wa usiku, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga hesabu za siku wakati wengine wamelala. Huyo sikuwa nimewahi kumwona. Aliajiriwa masika ilipoanza, akija mimi nimeshaondoka na akiondoka kabla sijafika. Meneja alimwita "yule mzee wa usiku", basi.

Dirisha la ofisi yangu lilitazama ukuta wa dobi. Kwa mvua ile ukuta ulikuwa umeota kuvu ya kijani, na mashuka hayakuwapo tena ya kuanikwa. Siku nyingine nilikuwa nikifika nyumbani nikagundua kwamba tangu asubuhi sikusema neno ila "salama" kwa askari, kuingia na kutoka.

Kompyuta ililetwa na fundi kutoka Mombasa, Muhindi wa makamo mzaliwa wa Kibokoni, mwenye Kiswahili kitamu kuliko changu. Aliifungua kutoka kwenye boksi kwa utaratibu, akaiweka juu ya meza yangu, akaiwasha. Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake kimstari kidogo kinapepesa.

"Hivi ndivyo ilivyo ikiwa uchi," alisema. "Kila ukitaka jambo lazima uikumbuke amri yake na uiandike. Lakini mimi nimekuletea programu ya kuivisha."

Akaingiza diski, akasubiri, akaandika neno moja. Kioo kikabadilika. Palitokea kisanduku cha buluu chenye orodha ya kazi: barua, vyumba, hesabu. Ukibonyeza kitufe cha mshale unashuka, ukibonyeza kingine unaingia. Pembeni kulikuwa na saa. Juu kabisa palikuwa na mstari mmoja mfupi ulioandikwa "Karibu". Fundi akanionyesha kwamba vyote hivyo vingeweza kubadilishwa: rangi ya nyuma na rangi ya herufi, kazi ipi itangulie katika orodha, kengele ilie au isilie kila ukigusa kitufe, saa ionekane vipi, na hata ule mstari wa juu mtu aliweza kuandika neno lake mwenyewe.

"Hapa ni pako," alisema. "Pambe utakavyo."

Nilipamba. Sikuwa na chumba kingine cha kupamba. Nilichagua buluu nyepesi na herufi nyeupe, nikaziweka barua juu ya orodha, nikaiwasha kengele. Kengele ile ilikuwa mlio mdogo sana, kama mtu anayegonga kijiko ukingoni mwa kikombe, lakini ilijaza ofisi. Nikaondoka jioni ile nikiwa na furaha nisiyoweza kuieleza.

Asubuhi nilipowasha mashine nilidhani imeharibika. Kioo kilikuwa cheusi tii na herufi za manjano kali, kama vibao vya hatari barabarani. Hesabu zilikuwa zimekaa juu, barua zimetupwa chini, na kengele imenyamazishwa. Nilikwenda kwa meneja.

"Ni yule mzee wa usiku," alisema bila kuinua macho. "Naye anaitumia. Mtaelewana."

Tungeelewana vipi na hatuonani? Nilirudi nikaiweka buluu yangu, nikaiwasha kengele, nikapandisha barua. Kesho yake manjano ilikuwa imerudi. Ikawa hivyo kila siku, mimi nikiweka, yeye akiondoa. Nilimwona kichwani mwangu, mtu mkaidi, mwenye roho kavu, asiyejua rangi nzuri. Nilikuwa nikiamka asubuhi nimeshakasirika, na nikiwa njiani napanga maneno ambayo ningemwambia. Leo nikitazama nyuma, naona kwamba zile ndizo zilizokuwa asubuhi za kwanza kwa muda mrefu ambazo niliamka na jambo la kuniharakisha.

Fundi alipokuja tena kuitazama mashine nilimuuliza ni kwa nini haikumbuki nilivyoiacha.

"Inakumbuka sana," alisema. "Ila inamkumbuka aliyetoka mwisho. Sikiza, dada. Programu yenyewe haijui chochote kuhusu wewe. Imezaliwa hivyo na itabaki hivyo. Mambo yako yote yako nje yake, katika faili dogo lililo kando. Ikiamka, inalisoma lile faili na kuvaa kilichoandikwa. Ukiifunga vizuri, inaandika upya faili zima, kama kioo kilivyo wakati ule. Na faili ni moja tu. Watu wawili hawawezi kukaa humo."

Akalifungua kwa njia ya kawaida, bila mapambo, ili nilione. Nilishangaa udogo wake. Mistari michache tu, kila mstari na jambo lake. Huku jina la kitu, huku jibu. Rangi zilikuwa namba. Nyeusi ilikuwa sufuri, na ile manjano iliyonikera ilikuwa kumi na nne. Kengele ilikuwa moja au sufuri, kulia au kutolia. Ule mstari wa juu uliandikwa kama ulivyo, "Karibu". Hapakuwa na kingine.

"Na stima zikipotea kabla sijaifunga?" nilimuuliza.

"Basi ulichobadilisha siku hiyo hakikuandikwa popote. Faili litabaki na mambo ya mwisho kabla yako."

Kwa Malindi ya masika hilo halikuwa jambo dogo. Stima zilikuwa zikipotea kila mara mvua ilipopiga na upepo, mji mzima ukabaki giza.

Nadhani ni siku chache baada ya hapo nilipofika nikakuta manjano yangu ya kawaida ya kukasirikia, lakini pembeni saa ilikuwa tofauti. Jana yake ilikuwa ikihesabu kwa Kizungu, nane ya asubuhi. Sasa ilisema saa mbili. Niliitafuta sababu katika mipangilio nikaipata. Programu iliruhusu saa ya kioo ipishane na saa ya mashine, kwa ajili ya watu wanaotaka kujua saa za nchi nyingine, na yeye aliirudisha nyuma saa sita. Mashine iliendelea kuhesabu kwake kwa ndani, lakini kioo kilisema saa kama tunavyosema sisi.

Nilikaa nikaitazama. Mimi nilikuwa nikitoa na kujumlisha saa sita tangu nilipoanza kazi hotelini na sikuwahi kufikiri kwamba jambo lile lingeweza kuondolewa. Siku ile niliiweka buluu yangu, nikapandisha barua, nikawasha kengele, lakini saa sikuigusa. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kuacha kitu chake mahali alipokiweka.

Jioni, kabla sijafunga, nikafuta lile neno "Karibu" juu ya kioo. Meneja alikuwa amemwita mzee, na mimi nimelelewa Takaungu, mtu mzima hapitwi hivi hivi. Nikaandika, "Shikamoo."

Sikulala vizuri. Nilijiambia ni upuuzi, pengine hata hataliona. Asubuhi nilifika mapema, askari akaniuliza kama kuna wageni. Nikawasha. Manjano juu ya nyeusi, na pale juu kumeandikwa, "Marahaba, mwenzangu."

Kuanzia hapo tukawa na mazungumzo, ikiwa yanaweza kuitwa mazungumzo. Mstari ulikuwa mfupi, haukuchukua zaidi ya maneno manne matano, na ulibeba neno la mtu mmoja kwa wakati. Langu likiingia, lake linafutika. Niliandika, "Mvua hii itaisha lini?" Akajibu, "Inavuja mpaka mezani." Kweli, niliona alama ya maji juu ya meza ambayo kabla yake sikuijali, nikatafuta sufuria ya mpishi nikaikinga. Kesho yake, "Ahsante kwa sufuria." Nikaandika, "Umekula nini?" Akajibu, "Muhogo na chai." Hatukuulizana majina. Sijui yeye kwa nini. Mimi niliogopa kwamba nikilijua jina lake atakuwa mtu, na mtu ana mji na jamaa, na mimi ni mwanamke aliyeachwa ambaye watu wanamtazama anapopita.

Hata rangi tuliacha kugombana kwa ubaya. Kila mmoja aliendelea kuweka yake, lakini sasa nilipoikuta manjano nilijua alikaa pale, kwamba usiku ule palikuwa na mtu kwenye kiti changu.

Siku mbaya zilikuwa zile ambazo stima zilipotea usiku. Asubuhi niliwasha nikakutana na buluu yangu mwenyewe, barua zangu juu, na lile nililouliza jana linanitazama kama lilivyo, bila jibu. Nilielewa vizuri sana sababu. Alibadilisha, akaandika, giza likaingia kabla hajaifunga programu, na faili likabaki na neno langu. Lakini kulielewa jambo hakulifanyi lisiume. Kuulizwa na wewe mwenyewe "Umeamkaje?" asubuhi na mapema, mvua inanyesha, ni jambo la kumfanya mtu atake kurudi kulala.

Masika ikiwa katikati, fundi akaja kwa safari yake ya kawaida. Alipowasha na kuona manjano, akacheka.

"Bado mnavutana na mzee?"

"Tumezoea," nilisema.

"Haifai kuzoea. Kila siku mnapoteza muda. Ngoja niwapatanishe."

Ningeweza kumzuia. Lakini ningemwambia nini, mtu mzima na heshima zake, kwamba nisipoharibiwa rangi zangu sitakuwa na mtu wa kunisemesha? Nikamtazama tu anavyofanya. Alinakili lile faili mara mbili, moja lake, moja langu, akayaweka kila moja mahali pake. Kisha akatengeneza amri mbili fupi. Mimi ningeandika MCHANA, na mashine ingelichukua faili langu, ingeliweka pale ambapo programu imezoea kulikuta, kisha ingeifungua. Nikitoka, ingelirudisha lilikotoka pamoja na mabadiliko yangu. Mwenzangu angeandika USIKU, naye apate lake. Programu ingeendelea kudhani kuna faili moja tu na bwana mmoja tu. Fundi akamwachia meneja maelezo ampe mzee.

"Sasa kila mtu na chake," alisema akifunga mkoba wake. Alifanya kwa nia njema na alifanya vizuri.

Kesho yake niliandika MCHANA. Buluu yangu, niliyoirudisha jana yake kabla ya kuondoka, ilifunguka, herufi nyeupe, kengele ikalia kikombe chake, barua juu. Hakuna aliyegusa kitu. Juu ya kioo paliandikwa, "Kulikuwa na radi jana?" Ni mimi niliyeuliza.

Nilifuta nikaandika jingine. Asubuhi iliyofuata likawa lipo. Nikaacha kuandika. Siku zikapita hivyo, kila kitu kiko kama nilivyokiacha, hata penseli. Nilijiambia kwamba yeye naye amepumzika, amepata rangi zake bila bughudha, na yale mazungumzo yalikuwa adabu tu ya watu wanaogawana kiti kimoja. Jioni niliporudi nyumbani yule bibi mwenye nyumba alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya juu kama naumwa. Nikasema hapana. Akaniitikia, "Alhamdulillahi, na wao wazima?" Sikujua alikuwa amesikia nini.

Asubuhi moja vidole vyangu viliandika USIKU. Sitasema vilikosea. Nilijiona kama mtu anayechungulia dirisha la jirani, nikageuka kuona kama mlango umefungwa. Kioo kikawa cheusi, manjano ikaja, hesabu juu, kengele kimya. Na pale juu, "Mwenzangu, mbona kimya?"

Alikuwa akiniuliza humo, ndani ya faili lake, mahali ambapo mimi sikupita. Aliandika amri aliyoelekezwa na meneja na hakujua kwamba imemtenga. Kila usiku alifungua akakuta neno lake mwenyewe halijajibiwa, kama mimi nilivyokuwa nikikuta langu. Sote wawili tulikuwa tunangoja, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Nilifuta nikaandika, "Nipo." Nikaifunga programu taratibu, nikihofia stima, mpaka taa ya diski ilipozimika.

Jibu lake asubuhi lilikuwa, "Nilidhani umeachishwa."

Kuanzia hapo sikutumia tena faili langu. Kila siku niliingia kwa neno lake, nikafanya kazi katika manjano na nyeusi, na kengele nikaiacha ilivyo. Macho yalizoea. Tulirudi kwenye mambo yetu, mvua, paa, chai. Aliniuliza kama wageni watarudi mwaka huu nikamwambia wameanza kuandika barua. Nilianza kufikiri kwamba msimu ukifunguliwa ningesubiri siku moja mpaka afike, niseme shikamoo kwa mdomo.

Halafu asubuhi moja nikakuta neno langu la jana. Nilidhani ni stima. Nikamuuliza askari, akasema stima hazikupotea. Kesho yake likawa pale pale. Siku ya tatu nikagonga mlango wa meneja.

"Mzee wa usiku anaumwa?"

"Tumempumzisha," alisema. "Hii mashine inafunga hesabu kwa muda mfupi, hakuna haja ya mtu kukesha. Utazifunga wewe jioni kabla hujaondoka. Si kazi kubwa."

Sikuondoka mlangoni. Akaongeza, kwa sauti ya upole kuliko kawaida yake, "Na macho yake yalikuwa yameanza kumtatiza. Yeye mwenyewe alishukuru. Amerudi kwake Mnarani."

Nilikaa na habari ile mpaka siku yangu ya mapumziko. Nilivaa buibui langu, nikachukua basi la asubuhi mpaka Kilifi, nikavuka kwa feri upande wa pili. Mnarani si mahali pakubwa. Nilimuuliza mwanamke aliyekuwa akiuza muhogo wa kukaanga kama anamjua mzee aliyekuwa mhasibu hoteli ya Malindi, akaniitia mtoto wa kunisindikiza kabla hata sijamaliza kueleza.

Alikuwa Mrabai, mrefu, mwembamba, ameketi kivulini nje ya nyumba yake, miwani mizito puani. Mkewe alikuwa akichambua mboga ya mchunga. Wajukuu walijaa ua mzima. Nilitoa salamu, naye akageuza uso kuelekea sauti, si kuelekea kwangu.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ni nani?"

"Ni mimi wa mchana. Wa hotelini."

Akairekebisha miwani yake. Kisha akasema, "Wewe ni mwanamke."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilidhani ni kijana. Meneja alisema karani wa mchana, nikajua ni mwanamume." Akacheka kidogo, akaona haya. "Nisamehe. Nilikujibu mambo ya kula kama ninavyomjibu kijana."

Mkewe aliacha mchunga. Aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni, kisha akamuuliza mumewe, "Huyu ndiye aliyekuwa akikuamkia?"

"Ndiye."

"Kila akija nyumbani anatuhadithia," yule mama aliniambia. "Ulivyosema mvua, ulivyokinga sufuria. Uliponyamaza hakula vizuri. Tukasema huenda umefiwa."

Kwa miezi ile yote nilikuwa nikirudi katika chumba ambacho hakuna mtu aliyejua nimekula au sijala, na kumbe palikuwa na nyumba ng'ambo ya maji ambamo nilikuwa nikizungumzwa wakati wa chakula.

Tuliongea. Nilimweleza jinsi fundi alivyotugawia faili, kila mtu na lake, kisha nikamuuliza kuhusu ile manjano. Akasema ni herufi hizo peke yake alizoweza kuziona juu ya nyeusi. Buluu yangu kwake ilikuwa ukungu mtupu, na kila usiku alianza kazi kwa kupapasa vitufe kwa kuhesabu mpaka atoke kwenye ukungu ule. Aliyasema haya bila lawama. Kengele aliizima kwa sababu ofisi ile iko karibu na vyumba vya wageni na usiku mlio mdogo huenda mbali.

"Na wewe kengele ile ulikuwa ukiiwashia nini?" aliniuliza. "Kila nikiingia inalia, nikawa nashangaa."

"Ofisi ilikuwa kimya sana, baba."

Aliinamisha kichwa. Wajukuu wakawa wanapita katikati yetu wakikimbizana. Nadhani ndipo nilipofahamu kwamba upweke wangu haukuwa wake. Yeye aliniandikia kwa sababu nilimwamkia, na mtu akiamkiwa huitikia. Alikuwa na ua uliojaa. Mimi ndiye niliyekuwa nimejenga nyumba nzima ndani ya mstari wa maneno manne. Haikunitia uchungu kama nilivyoogopa. Ilinitia aibu kidogo, na baadaye ikanitia nguvu, kwa sababu alichonipa hakikupungua kwa kuwa yeye hakukihitaji.

"Lile faili langu," alisema tulipokuwa tunakula, sima na mchunga na samaki wa kukaanga, "lifute. Lisikae bure likakuchukulia nafasi."

"Halichukui nafasi yoyote, baba. Ni dogo sana."

"Hata hivyo."

Sikulifuta. Lilikaa pale mpaka hoteli ilipobadilisha mashine, na ile ya zamani ikachukuliwa na fundi pamoja na vyote vilivyokuwemo. Lakini siku ile nilimwitikia, "Ndiyo, baba," kwa sababu alikuwa amechoka na nilitaka apumzike.

Mkewe alinisindikiza mpaka kwenye feri. Njiani aliniuliza nyumbani kwangu kuna nani. Nilitaka kusema wapo, kama nilivyozoea kuwaambia watu. Nikamwambia hakuna mtu. Akaendelea kutembea pembeni yangu, akaihamisha kanga yake kutoka bega moja hadi jingine.

"Basi uwe unakuja," alisema. "Usingoje kuitwa."

Nilikwenda tena, si mara nyingi kama nilivyoahidi. Msimu ulifunguliwa, kazi ikawa nyingi, na mzee akaishi miaka kadhaa baada ya hapo, macho yake yakizidi kufifia. Lakini siku ile ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka. Feri ilikawia kwa sababu ya mvua. Nilisimama chini ya kibanda pamoja na watu nisiowajua, kikapu cha muhogo alionipa yule mama mkononi, na mwanamke mmoja akaniomba nimshikie mwanawe anapofunga viatu. Nikamshika. Alikuwa mzito, amelala, anatoa jasho. Mama yake alichukua muda mrefu na viatu vyake, na mimi sikumharakisha.

Nilifika Shela magharibi ikiadhiniwa. Bibi mwenye nyumba alikuwa barazani. Nikampa nusu ya muhogo, nikainama karibu na sikio lake nikamwambia kwamba muhogo huo umetoka Mnarani, kwa watu ninaowajua. Mara ile alinisikia. Akauliza watu gani. Nikaketi mkekani nikaanza kumweleza.